Beit el Ajaib lirudi kama lipi?

Huku kampasi tupo, mvua inanyesha, boom limekwisha kitambo na mitihani inanukia. Ila wiki hii nimeona niweke madesa pembeni kidogo niandike jambo ambalo halijanitoka kichwani tangu tulipogusia uhifadhi wa majengo ya kale kwenye kozi ya historia. Mimi nasomea ualimu, na Mungu akipenda nitasimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha kwanza niwafundishe vyanzo vya historia: masimulizi ya mdomo, maandishi, akiolojia, makumbusho, majengo ya kale. Nitawaambia kwamba jengo ni ushahidi. Sasa ushahidi ukianguka, halafu watu wakaujenga upya, unabaki kuwa ushahidi wa nini?

Swali hili si la kufikirika. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu kubwa ya Beit el Ajaib pale Forodhani, Zanzibar, iliporomoka. Upande wa mbele unaotazama bahari ulikwenda chini, pamoja na ule mnara wa saa ambao kila aliyewahi kuingia Unguja kwa boti ameuona. Mafundi walikuwa kazini siku hiyo, maana ukarabati uliokuwa unagharamiwa na Serikali ya Oman ulikuwa umeshaanza. Watu wawili walifariki. Naomba tusiwasahau hao wawili tunapoingia kwenye nadharia, kwa sababu kwenye vitabu vya uhifadhi mara nyingi kinacholiliwa ni mawe tu.

Kwenye semina yetu jamaa mmoja wa Unguja alisimama akasema hakuna haja ya mjadala mrefu, jumba lirudishwe kama lilivyokuwa, basi. Darasa zima likapiga makofi. Mimi nikamuuliza, "Sheikh wangu, kama lilivyokuwa lini?" Akacheka, akanijibu, "Yakhe, wewe nawe! Kama lilivyokuwa, si unalijua?" Muda ukaisha, tukatoka. Lakini hebu tulichukue swali hilo kwa uzito, maana ndilo linalowagawa wataalamu wa uhifadhi kwa karibu miaka 200 sasa.

Tuanze na jumba lenyewe. Lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Lilikuwa jumba la sherehe na mapokezi, la kuonyesha heshima ya dola. Lina nguzo ndefu za chuma, varanda pana zinazolizunguka, na milango mikubwa ya kuchongwa. Lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme, na baadaye likawa na lifti. Watu wa mjini walikuwa wakisimama kulishangaa, ndiyo maana likaitwa nyumba ya maajabu.

Sasa angalieni kitu. Mwaka 1883 uso wa jumba hili haukuwa na mnara wa saa. Mnara ulikuwepo, lakini ulisimama peke yake mbele ya jumba kuelekea baharini, na ulikuwa pia mnara wa taa. Kilichobadilisha mambo ni mwaka 1896. Tarehe 25 Agosti mwaka huo Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia ikulu na kujitangaza bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 asubuhi, saa tatu ilipogonga tu, manowari za Kiingereza zikaanza kupiga mizinga. Vita ile haikumaliza hata saa moja, na mpaka leo inatajwa kuwa fupi kuliko zote katika historia. Fupi, ndiyo, lakini upande wa Zanzibar watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Jumba la jirani, Beit el Hukm, liliharibiwa vibaya. Ule mnara wa mbele ukabomolewa. Beit el Ajaib lenyewe likapona na majeraha machache. Kwenye matengenezo yaliyofuata, mwaka 1897, ndipo mnara mpya wa saa ukajengwa ukiwa umeshikana na uso wa jumba. Mahali pa Beit el Hukm pakabaki bustani.

Kwa hiyo ule mnara ambao jamaa yangu anaulilia, na mimi pia naulilia, ni kovu la mizinga ya 1896! Haukuwa katika jumba alilolijua Barghash. Na mambo hayakuishia hapo. Kuanzia mwaka 1911 jumba likawa ofisi za utawala wa Kiingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumiwa na serikali na chama. Miaka ya 2000 likawa makumbusho, na ndani yake kukawekwa mtepe, ile jahazi ya kale ya Waswahili iliyoshonwa kwa kamba bila misumari.

Tukisema lirudi kama la 1883, tunaufuta mnara na tunaifuta 1896. Tukisema lirudi kama la 1897, tunarudisha jumba kama walivyoliacha Waingereza baada ya kulipiga. Tukisema lirudi kama la 2019, basi tunarudisha jumba lililofungwa, linalovuja na lenye nyufa, maana sehemu ya paa ilikuwa imeshaanguka mwaka 2012. Kila mwaka utakaouchagua, kuna mwaka mwingine unaukanyaga.

Wazungu wamegombana sana juu ya jambo hili. Ufaransa karne ya 19 alikuwepo msanifu aliyeitwa Eugène Viollet-le-Duc. Huyu aliamini kwamba kukarabati ni kulifikisha jengo kwenye ukamilifu wake, hata kama ukamilifu huo haujawahi kuwepo siku yoyote katika maisha ya jengo hilo. Alikuwa fundi hasa, anayajua majengo ya zama za kati kuliko wengi, na aliyaokoa mengi yaliyokuwa yanakufa. Lakini alipoona pengo alilijaza kwa akili yake mwenyewe. Kule Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, aliivika minara paa zenye ncha kali ambazo wengi walilalamika kuwa ni za kaskazini, hazihusiani na mji ule.

Ng'ambo ya pili, Uingereza, John Ruskin aliandika mwaka 1849 kwamba kukarabati kwa namna hiyo ni uongo, na ni uharibifu mkubwa kuliko wa kuliacha jengo lianguke. Kwake yeye jengo ni kama marehemu, humfufui kwa kutengeneza sanamu inayofanana naye. Mwaka 1877 William Morris na wenzake wakaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale dhidi ya hao warekebishaji, ambao walikuwa wanakwangua lipu ya makanisa ya zamani ili yaonekane ya zamani zaidi.

Wengi tukimsoma Ruskin tunamwona mtu wa kukata tamaa. Lakini yeye huyo huyo ana ushauri wa kawaida kabisa, kama wa bibi yako kijijini: ziba paa mapema, ondoa majani kwenye mfereji wa maji kabla ya mvua, tazama ukuta kila siku, na hutahitaji kukarabati. Nashikilia hapo, nitarudi.

Mwaka 1964 wataalamu walikutana Venice, Italia, wakatoka na mkataba ambao mpaka leo ndio msingi wa fani hii. Ulikuwa mwezi Mei. Januari Zanzibar ilikuwa imepindua, na Aprili ilikuwa imeungana na Tanganyika. Yaani wakati wale wanakubaliana namna ya kutunza majumba ya wafalme, sisi huku tulikuwa tumetoka kumwondoa sultani, na swali letu lilikuwa nani aishi kwenye majumba hayo. Waliokaa meza ya kuandika mkataba ule karibu wote walitoka Ulaya. Hata hivyo yaliyomo ni mazito. Kwa maneno yangu mimi: matunzo ya kudumu ndiyo ya kwanza. Ukarabati unakoma pale ubashiri unapoanza. Kazi mpya isijifanye ya kale. Na mchango wa kila kipindi katika jengo uheshimiwe, usifute kipindi kimoja ili kingine king'ae.

Ukilisoma hilo la mwisho, jibu la mnara linaanza kuonekana. Mnara wa 1897 ni mchango wa kipindi chake, tupende tusipende. Haustahili kufutwa kwa sababu tu hatumpendi aliyepiga mizinga. Nani atawaeleza watoto habari za 1896 kwa urahisi kama mnara ule?

Lakini Venice nayo ilikuwa na upungufu, ilifikiria sana mawe. Wajapani wana hekalu la Ise ambalo hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na mara ya karibuni lilikamilika mwaka 2013. Mbao ni mpya, lakini kwao hekalu ni lile lile, maana ufundi ni ule ule na umepita mkono kwa mkono. Ndiyo maana mwaka 1994 wataalamu walikutana tena, mjini Nara, Japani, wakakubaliana kwamba uhalisi wa jengo haupimwi kwa kipimo kimoja duniani kote. Unaweza kukaa kwenye mawe, lakini pia kwenye umbo, matumizi, mila na ufundi.

Na tusidhani ni Wajapani tu. Mji wa kale wa Warsaw, Poland, ulibomolewa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukajengwa upya kwa kutumia michoro ya zamani, na mwaka 1980 ukaingia kwenye Urithi wa Dunia. Walichohifadhi pale ni ule ukaidi wa watu kukataa kufutwa. Kanisa la Notre-Dame la Paris liliungua tarehe 15 Aprili 2019, ule mnara wake mwembamba ukaanguka dunia nzima ikitazama. Mnara ule haukuwa wa zama za kati! Wa awali uliondolewa mwishoni mwa karne ya 18. Uliounguzwa ulikuwa wa Viollet-le-Duc, wa mwaka 1859. Wafaransa wakabishana: turudishe huu, au tujenge wa kisasa? Mwishowe wakarudisha wa Viollet-le-Duc, na kanisa likafunguliwa Desemba 2024. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mbao za paa zilichongwa kwa shoka, kama zamani, na vijana wakajifunza kazi hiyo.

Hapo ndipo tunaingia kwenye vitendo, na kwa Zanzibar vitendo vinaanza na chokaa.

Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa udongo mwekundu na chokaa, kuta nene. Sakafu za juu zinabebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haifiki mbali, vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba. Chokaa yenyewe inatokana na matumbawe hayo hayo: yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa, kisha yanamwagiwa maji na kuachwa yakae. Chokaa haina haraka. Inashika polepole kwa kunywa hewa, na hata ikishakauka inaruhusu unyevu wa ukutani kutoka nje. Wazee wanasema ukuta unapumua.

Halafu ikaja saruji. Saruji ni ngumu, inashika siku hiyo hiyo, inapatikana duka la kona. Fundi anaona ufa, anaufunika kwa saruji, mwenye nyumba anafurahi. Ndani ya ukuta mambo ni mengine. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, pamoja na chumvi ya bahari, unakosa pa kutokea. Chokaa ya zamani inalainika, lipu mpya inabanduka na vipande vya jiwe, na zile ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza kimyakimya. Ukuta kwa nje unaonekana imara mpaka siku unapoanguka. Nimewahi kusikia watu wakisema nyumba za matumbawe hazifai kwa mvua. Mbona zimesimama zaidi ya miaka 150 zikinyeshewa?

Beit el Ajaib lina tatizo lake la ziada, kwa sababu pamoja na matumbawe na boriti lina chuma kingi. Chuma karibu na bahari kinapata kutu, kutu inavimba, na kikivimba kinapasua kilichokizunguka. Jengo la namna hiyo linataka mtu wa kulitazama kila mwaka. Si kwamba hatari haikujulikana. Mwaka 2014 lilikuwa kwenye orodha ya World Monuments Fund ya mahali panapohitaji kuokolewa.

Kwa nini basi matunzo yalikosekana Mji Mkongwe kwa ujumla? Hapa historia inabana. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wenyewe wakaondoka, na familia nyingi zikapewa vyumba humo. Lilikuwa jambo la haki kwa watu waliokuwa wamebanana miaka yote. Lakini nyumba yenye familia sita na paa moja, paa likivuja ni la nani? Kila mmoja anaweka ndoo yake. Mamlaka ya kusimamia Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaingia kwenye Urithi wa Dunia. Yamefanyika mengi mazuri. Ile zahanati ya zamani pale karibu na bandari, iliyojengwa kwa fedha za tajiri Tharia Topan, ilikarabatiwa miaka ya 1990 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, na leo balkoni zake za mbao ni za kutazama.

Na Kilwa Kisiwani, huku bara, tuna mfano wa kutia moyo. Magofu yake, ukiwemo ule msikiti mkubwa ulioanzishwa karne ya 11, yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya hatari, maana bahari ilikuwa inakula ufukwe na kuta zinaanguka. Kazi ikafanyika, wakazi wa kisiwani wakishiriki, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Pale hakuna aliyejaribu kuufanya msikiti uwe mpya. Walizuia usianguke zaidi.

Najua kuna mtu atasema, dada wewe unaongelea majumba ya masultani wakati shule zetu hazina madawati. Hoja hii ni nzito na sitaikwepa, maana huko kwenye hizo shule ndiko ninakokwenda kufundisha. Jibu langu ni kwamba jengo lililoachwa halitusubiri mpaka tumalize madawati. Mfereji uliozibuliwa leo ni kazi ya mtu mmoja na ngazi. Mfereji huo huo ukiachwa miaka 20 unakuwa mradi wa mamilioni ya dola, na mwenye mamilioni ni mfadhili wa nje, ambaye naye ana maoni yake kuhusu historia gani ing'ae zaidi. Uzembe mdogo mdogo unatufanya tupoteze sauti kwenye jengo letu wenyewe.

Kwa hiyo jamaa yangu wa Unguja, hili ndilo jibu langu. Mnara urudi, mimi naunga mkono, kwa sababu picha na vipimo vipo na hatutabashiri. Ila urudi bila kudanganya. Mtu akisogea karibu aone wapi kazi ya 1883 inaishia, wapi ya 1897 ilikuwa, na wapi imeanza ya baada ya 2020. Mawe na vyuma vinavyofaa katika kifusi virudi mahali pake. Chini ya mnara pawe na maneno machache yanayosema kilichotokea 27 Agosti 1896 na kilichotokea 25 Desemba 2020, pamoja na majina ya wale wawili. Na kazi yenyewe iwe chuo: kijana aliyeingia hajui kuchoma chokaa atoke anajua, ili siku ufa wa kwanza utakapotokea pawe na mtu wa mjini hapo anayejua kuuziba kwa kitu sahihi. Tukijenga jumba zuri bila huyo kijana, tumehesabu tu miaka mpaka lianguke tena.

Na nyie walimu wenzangu watarajiwa, msingoje kupangiwa Zanzibar. Ukienda mazoezi ya kufundisha wilayani, kuna boma la Mjerumani, kuna nyumba ya misheni, kuna msikiti wa zamani. Wapeleke wanafunzi. Usianze na nani alijenga. Waulize kwanza: maji ya mvua ya paa hili yanakwenda wapi? Wakikuonyesha mfereji ulioziba, mmeshaanza somo la historia.

Naomba kuwasilisha. Nirudi kwenye madesa sasa, Jumatatu kuna test.